Seli Saba na Seli Milioni: Matabibu Walivyojifunza Kupandikiza Msuli

Mwaka 1995, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani, tabibu Jerry Mendell na wenzake walitangaza hesabu ya jaribio ambalo ndani yake watoto wa kiume 12, waliopatwa na maradhi ya kudhoofika misuli, walidungwa katika mkono mmoja seli changa za misuli milioni 110 kila mwezi kwa muda wa miezi sita, na katika mkono wa pili wakadungwa sindano zisizo na seli, ili mkono mmoja uwe shahidi wa mwingine. Seli hizo zilitolewa na baba zao na ndugu zao wenye afya, zikakuzwa maabarani kwa uangalifu mkubwa na kwa gharama isiyokuwa ndogo. Matokeo yake yalikuwa mazito kuyasoma: nguvu za mkono uliopewa seli hazikuzidi nguvu za mkono wa pili, mtoto mmoja tu alionekana kuwa na protini iliyokusudiwa katika nyuzi kumi hivi kwa kila nyuzi mia za msuli, watatu walikuwa nayo chini ya uzi mmoja kwa mia, na wanane hawakuwa nayo kabisa.

Miaka kumi baadaye, mjini London, watafiti walichukua uzi mmoja wa msuli wa panya, ukiwa na seli shina chache zilizokaa ubavuni mwake, nyingine zikiwa saba tu kwa idadi, wakaupandikiza mzima katika msuli wa panya mgonjwa. Na kutoka katika seli hizo saba zikazaliwa nyuzi mpya zaidi ya mia moja. Majaribio haya mawili hayalingani kwa kila hali, maana panya si mwanadamu, na panya wale walikuwa wametayarishwa kwa namna ambayo hakuna mzazi angekubali mwanawe atayarishwe. Walakini mwenye kutafakari hawezi kuyapita bila kuuliza: milioni 110 zilizoingia na kupotea zilikosa nini ambacho saba zile zilikuwa nacho?

Jawabu la swali hilo ndilo lililoongoza kazi ya kuitengeneza tiba hii kwa miaka thelathini na zaidi. Rai ya makala haya ni kwamba wazo la kupandikiza seli halikuwa na kosa tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kuitazama seli yenyewe, ilivyolelewa kabla ya kudungwa na mambo yanayoipata baada ya sindano kutoka, na kwamba tiba ilianza kusonga mbele siku ile matabibu walipoacha kuhesabu seli walizotia wakaanza kuhesabu zilizokufa.

Maradhi yenyewe

Yapo maradhi mengi ya kudhoofika misuli, lakini yaliyo makali na yanayojulikana zaidi miongoni mwa watoto huitwa kwa jina la Guillaume Duchenne, tabibu Mfaransa mzaliwa wa Boulogne, ambaye mwaka 1868 aliandika maelezo marefu juu yake, na ambaye alibuni sindano maalumu ya kuchomoa kipande kidogo cha msuli kwa mgonjwa aliye hai ili akitazame kwa hadubini. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1850, Edward Meryon wa London alikwisha kuyaeleza maradhi hayo, akiona kwamba huwapata wavulana wa nyumba moja na kwamba chanzo chake kimo ndani ya msuli wenyewe. Lakini sifa, kama itokeavyo mara nyingi katika elimu, ilikwenda kwa mwingine.

Mtoto mwenye maradhi haya huzaliwa hana kasoro machoni pa watu. Huchelewa kidogo kutembea, na akitembea huanguka mara kwa mara. Mashavu ya miguu yake huwa manene kuliko ya wenziwe, hata majirani wakamsifu kwa siha, kumbe unene ule ni mafuta na kovu vilivyochukua mahali pa msuli. Tabibu akimketisha chini na kumwambia ainuke, hainuki kwa mara moja. Kwanza hujipindua akalala kifudifudi, kisha hutegemeza viganja na magoti chini, huinua makalio juu ilhali mikono ingali ardhini, huvuta viganja karibu na nyayo, hushika vifundo, halafu magoti, halafu mapaja, akijisukuma juu kwa mikono hatua kwa hatua mpaka kiwiliwili kisimame. Alama hiyo ilielezwa na William Gowers mjini London mwaka 1879, na mpaka leo tabibu mwenye jicho zuri anaweza kuyashuku maradhi kwa kumtazama mtoto akiinuka tu, kabla hajapima damu yake. Aghalabu mtoto hufikia umri wa miaka kumi na mbili hivi akiwa hawezi tena kutembea. Mikono hufuata, na mwishowe misuli ya pumzi na ya moyo, ambayo ndiyo imwondoayo duniani akiwa angali kijana.

Chanzo chake kilijulikana miaka zaidi ya mia moja baada ya Duchenne. Mwaka 1986 Louis Kunkel na wenzake mjini Boston waliipata jeni yenye kasoro, na mwaka uliofuata, pamoja na Eric Hoffman, wakaitambua protini itengenezwayo na jeni hiyo, wakaiita distrofini. Jeni hiyo ni miongoni mwa zilizo ndefu kuliko zote katika mwili wa mwanadamu, ina herufi zaidi ya milioni mbili, na sehemu zake zenye maana zimegawanyika vipande 79, idadi iliyofanya tarehe 7 ya mwezi wa 9 ichaguliwe kuwa siku ya ulimwengu ya kuyakumbuka maradhi haya. Kwa kuwa imo katika kromosomu ya X, mama huweza kuibeba bila kuugua na kumrithisha mwanawe wa kiume; lakini kwa kadiri ya mtoto mmoja katika kila watatu, kasoro hutokea upya, pasipo mtu yeyote katika ukoo kuwa nayo. Kwa sababu hiyo hakuna taifa, kabila wala mlango wa watu uliosalimika nayo, na wataalamu hukadiria kwamba humpata mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa.

Kazi ya distrofini ni kuunganisha nyuzinyuzi za ndani ya msuli na utando unaouzunguka, ili msuli unapojikunja na kujikunjua utando usipasuke. Isipokuwapo, kila mkunjo hutoboa utando, madini ya kalsiamu huingia ndani kupita kiasi, na uzi wa msuli hufa. Mwili huujenga upya uzi huo kwa seli shina zake, nao hufa tena. Hujengwa tena, hufa tena. Mpaka uwezo wa kujenga uishe na mahali pa msuli pajae kovu na mafuta. Katika mzunguko huo wa kuvunjika na kujengwa ndimo matabibu walimoona mlango wa kuingilia.

Fikira na tamaa

Mwaka 1961, katika jiji la New York, Alexander Mauro, akiutazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona seli ndogo zilizobanwa baina ya uzi wa msuli na ganda lake la nje, zimetulia kimya hazina kazi dhahiri. Aliziita seli setilaiti kwa kuwa zimeuzunguka uzi, akabashiri kwamba huenda ndizo zinazoujenga msuli unapoumia. Ubashiri wake ulithibitika: msuli ukijeruhiwa, seli hizo huamka, hugawanyika, huzaa seli changa, na seli changa huungana zenyewe kwa zenyewe au na uzi uliojeruhiwa, zikitia viini vyao ndani yake. Maana uzi wa msuli, tofauti na seli nyingi za mwili, una viini mamia kwa maelfu ndani ya mwili mmoja.

Hapo ndipo penye siri ya fikira yote. Ikiwa seli changa ya mtu mzima wa afya ikiungana na uzi wa mgonjwa huleta kiini chake pamoja na jeni isiyo na kasoro, basi uzi ule wa mgonjwa utapata distrofini kutoka kwa kiini cha mgeni, na msuli utakuwa wa watu wawili. Terence Partridge na wenzake mjini London walikwisha kuonyesha mwaka 1978 kwamba muungano wa namna hiyo wawezekana. Na mwaka 1989, wakishirikiana na Kunkel na Hoffman, wakadunga seli nzima katika misuli ya panya wasio na distrofini, na nyuzi zilizokuwa tupu zikaonekana zimejaa protini hiyo.

Haikupita hata miaka miwili kabla watoto hawajaanza kudungwa. Mwaka 1990 Peter Law, katika mji wa Memphis, alitangaza kwamba mtoto wa miaka tisa aliyepandikizwa seli katika msuli mdogo wa juu ya wayo ameonekana kuwa na distrofini. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe na wazazi ambao hawakuwa na jambo jingine la kushikilia, na kwa mashaka na wataalamu waliotaka kuona mgonjwa akilinganishwa na mwingine asiyepewa kitu. Majaribio yakafuata Stanford, Montreal, Québec na Columbus. Na kadiri yalivyopangwa kwa insafu zaidi, ndivyo matokeo yalivyopungua. Wakati wa kutoka hesabu ya Mendell, wengi walikata shauri kwamba mlango umefungwa.

Siku tatu za mauti

Waliokataa kuufunga walianza kwa swali dogo lisilo na fahari: seli zikidungwa, huenda wapi? Ili kulijibu, iliwapasa wazitie alama kabla ya kuzidunga, kisha wachunguze msuli baada ya saa, baada ya siku, baada ya wiki. Mwaka 1999 kundi la Partridge lilitoa jawabu lililowashangaza wengi: sehemu kubwa ya seli hufa upesi, nyingi zikiwa zimekwisha kabla siku ya tatu haijapita, na msuli mpya wote unaoonekana baadaye umetokana na kikundi kidogo cha seli zilizokuwa zikigawanyika polepole maabarani. Basi milioni kadhaa zilikuwa msafara wa kwenda mautini, na kazi yote ilifanywa na wachache ambao hakuna aliyewachagua wala kuwatunza.

Mkulima wa mpunga anajua jambo hili bila ya hadubini: mche ukiong'olewa kitaluni na kupelekwa jarubani, wakati wa hatari ni siku zake za kwanza, na mche uliolelewa vibaya hautaokolewa na wingi wa wenziwe. Seli nazo hung'olewa katika msuli, hutenganishwa na kila kilichozishika, hukuzwa kwa majuma, hunyonywa katika sindano, na kusukumwa katika msuli wenye uvimbe na kovu. Mahali pale huzikuta chembe za damu za kinga zimekwisha kukusanyika. Ikiwa zimetiwa nyingi mahali pamoja, hujikusanya kama donge, na zilizo katikati ya donge hukosa hewa na kufa. Jambo hili lilithibitishwa na watafiti wa Québec walipowapima nyani, wakaona mfuko wa seli uliozidi kiasi una kiini cha mauti ndani yake.

Watafiti hao, Jacques Tremblay na Daniel Skuk wa Chuo Kikuu cha Laval, ndio waliolichukua jambo hili kwa uvumilivu mkubwa kuliko wote. Walitambua kwanza kwamba dawa ya kuzuia kinga iliyokuwa ikitumiwa na wengi, siklosporini, ilikuwa yenyewe inaziua seli changa zinapotaka kukomaa. Wakahamia takrolimusi, dawa iliyopatikana katika bakteria wa udongo wa Tsukuba nchini Japani. Waligundua tena kwamba seli iliyodungwa hairandi mbali: hukaa katika njia ya sindano, au hapo karibu, umbali usiozidi milimita moja au mbili. Basi ikiwa seli haitembei, sindano ndiyo itembee. Katika msuli wa mbele wa mguu wa mgonjwa, wakiwa wamejipangia eneo dogo lisilozidi ukubwa wa kete ya kuchezea, walidunga mara ishirini na tano, mara hamsini na tano, hata mara mia, kila sindano ikiwa sambamba na mwenziwe kwa nafasi ya milimita moja hivi, na kila mara wakiiondoa sindano polepole ili seli zibaki zimetandazwa kuanzia chini mpaka juu. Mwezi mmoja baadaye walikata kipande mahali palepale, na katika wagonjwa wao, kwa mujibu wa taarifa zilizotoka mwaka 2004 na 2006, walikuta distrofini ya mfadhili katika nyuzi zilizofikia hata 26 kwa kila mia kwa aliyefaulu zaidi. Kwa mgonjwa mwingine aliyefuatiliwa kwa muda mrefu, protini hiyo ilikuwapo hata baada ya miezi 18.

Mtu anaweza kusema kwamba eneo la ukubwa wa kete halimfanyi mtoto atembee, na atakuwa amesema kweli. Lakini baada ya Columbus, ambako watoto wanane kati ya kumi na wawili hawakuwa na chochote, matokeo haya yalikuwa ithibati ya kwanza kwamba ubora wa njia hubadili hesabu, na kwamba kushindwa kwa zamani kulikuwa na sababu zinazoweza kutajwa na kurekebishwa moja moja.

Malezi ya seli

Ilhali Québec walikuwa wakishughulika na sindano, wengine walirudi nyuma hatua moja wakatazama sahani ya plastiki ambamo seli hukuzwa. Mwaka 2005, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, watafiti walizitoa seli setilaiti katika msuli wa panya na kuzipandikiza moja kwa moja bila kuzikuza, wakaona zinajenga msuli vizuri mno. Walipozikuza kwanza kwa siku chache, uwezo wake ukapungua sana. Mwaka huohuo ndipo London walipotoa habari ya zile seli saba zilizohamishwa zikiwa bado zimeushika uzi wao. Pande zote mbili zilifika mahali pamoja: seli shina ikitolewa katika makao yake na kulazimishwa kuongezeka, huongezeka, lakini kila inapoongezeka inapoteza tabia ya ushina, yaani uwezo wa kujenga msuli na wakati uleule kubakiza nasaba yake kwa ajili ya siku za mbele.

Hapo wataalamu walikabiliwa na mtihani mgumu. Bila kuzikuza, seli ni chache mno kumtosha binadamu. Na kuzikuza ni kuziharibu. Katika maabara ya Helen Blau huko Stanford, Penney Gilbert na wenzake walijiuliza kama kosa si wingi wa siku, bali ugumu wa kitanda. Sahani ya plastiki ni ngumu mara maelfu kwa maelfu kuliko msuli; basi wakatengeneza kitanda laini cha utelezi kama ute, wakakipima mpaka ugumu wake ukawa sawa na wa msuli hai, kiasi cha kilopaskali 12, na seli zilizolelewa juu yake, taarifa yao ya mwaka 2010 inasema, zilihifadhi uwezo wake wa kujenga msuli zilipopandikizwa kwa panya. Wengine wametafuta dawa za kutia katika malezi: zipo zinazozuia ishara iziamuruzo seli kukomaa mapema, na ipo protini iitwayo Wnt7a, ambayo Michael Rudnicki na wenzake wa Ottawa wameonyesha kwamba seli zikioshwa nayo kabla ya kupandikizwa huweza kuranda mbali zaidi na kuingia msulini kwa wingi.

Rudnicki huyohuyo, mwaka 2015, alileta habari iliyobadili maana ya maradhi yenyewe. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba distrofini ni mali ya uzi wa msuli peke yake. Kundi lake lilionyesha kwamba hata seli shina zinayo, na kwamba bila hiyo hushindwa kugawanyika vyema ili moja ibaki shina na nyingine iende kujenga. Kwa hiyo mgonjwa wa Duchenne ana misuli inayovunjika na pia mafundi waliopungukiwa. Atakayempa seli shina nzima anampa vyote viwili, na hiyo ni hoja yenye nguvu ya kuendelea na tiba hii hata katika zama za dawa za jeni.

Njia ya damu

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya mia sita, na hakuna sindano itakayopenya kila msuli kwa nafasi ya milimita moja, seuze kiwambo cha pumzi na moyo. Ndiyo maana Giulio Cossu na wenzake nchini Italia walitafuta seli zinazoweza kusafiri ndani ya damu na kutoka katika mishipa kuingia msulini zenyewe. Walizipata katika kuta za mishipa midogo ya damu, wakazijaribu kwa mbwa wagonjwa, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba baadhi yao walipata nafuu ya kutembea, ingawa wengine walihoji ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na dawa za kuzuia kinga.

Kisha, katika hospitali ya San Raffaele mjini Milano, watoto watano wenye Duchenne walipewa seli za namna hiyo kutoka kwa ndugu zao ambao tishu zao zilishabihiana nao kabisa, zikapitishwa katika mishipa mikubwa ya damu, mara nne, kila mara kwa kipimo kikubwa zaidi. Taarifa ya mwaka 2015 haikuficha kitu: njia hiyo ilivumilika kwa jumla, lakini mtoto mmoja alipata kiharusi kidogo ubongoni, ambacho kwa rehema hakikuacha athari, alama za seli za mfadhili zilionekana kwa wengi wao kwa kiasi haba, na hakuna aliyepata nguvu za kuonekana. Waliokuwa wakingoja muujiza walivunjika moyo. Lakini kwa mwenye kupima mambo kwa mizani, kazi ile ilikuwa na faida yake: ilionyesha hatari iko wapi, na kwamba mtoto aliyekwisha kuharibikiwa na misuli, ambaye mishipa yake ya damu imezungukwa na kovu, si mahali pepesi pa kupokea wageni.

Msuli mdogo wa koo

Ushindi ulio wazi ulikuja kutoka upande ambao wengi hawakuutazama, na kwa maradhi mengine ya ukoo huohuo. Yapo maradhi ya kudhoofika misuli ambayo huwapata watu wazima, aghalabu baada ya miaka arobaini au hamsini, yakilegeza kope za macho na misuli ya koo. Ingawa ni haba, huonekana zaidi miongoni mwa Wakanada wenye asili ya Kifaransa na Wayahudi wa asili ya Bukhara. Mgonjwa hafi kwa kushindwa kutembea. Huteswa na kumeza. Kila tonge lina hatari ya kumkwama, kila funda la maji laweza kuingia mapafuni, na meza ya chakula, ambayo ni mahali pa ukarimu na mazungumzo, humgeukia kuwa mahali pa hofu.

Matabibu wa Paris waliona kwamba hapa masharti yote yaliyoshindikana kwingine yapo upande wao. Msuli unaohitaji msaada ni mmoja na mdogo, nao unafikiwa wakati wa upasuaji. Misuli mingine ya mgonjwa, kama ya paja, haijaguswa sana na maradhi, basi seli zinaweza kutolewa kwake mwenyewe na mwili hautazikataa wala hautahitaji dawa za kuzuia kinga. Wagonjwa 12 walitolewa seli, zikakuzwa, zikadungwa katika msuli wa koo baada ya kuufungua kwa kisu. Na taarifa iliyotoka mwaka 2014 ilisema kwamba hali ya maisha yao ilipata nafuu, kwamba wengi wao hawakuzidiwa katika kumeza kama ilivyotarajiwa, na kwamba waliopewa seli nyingi zaidi ndio walionufaika zaidi. Seli hizo bado zilibeba kasoro ya jeni ya mwenyewe, kwa hiyo si ponyo. Lakini mtu aliyeweza kumeza chakula chake kwa miaka zaidi hawezi kuambiwa kwamba hakupewa kitu.

Hapa ndipo ninapoona funzo kubwa kuliko yote. Tiba hii ilishindwa ilipotaka kuujenga mwili mzima wa mtoto kwa mkupuo, na ilifaulu ilipoomba msuli mmoja, ikatimiza masharti yake, ikapima kilichopatikana.

Yanayokuja

Mbele kuna zana ambazo watu wa mwaka 1990 hawakuziota. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya ngozi ya mtu mzima inaweza kurudishwa utotoni hata ikawa na uwezo wa kuwa seli yoyote, na kazi hiyo ikampatia tuzo ya Nobel mwaka 2012. Rita Perlingeiro na wenzake wa Minnesota wamezitumia seli za namna hiyo, wakiziamuru kwa jeni iitwayo PAX7 zigeuke seli za msuli, na zilipopandikizwa kwa panya zilijenga nyuzi na kujaza hazina ya seli shina. Faida yake ni kwamba huongezeka bila kuchoka. Hatari yake ni kwamba seli isiyosahau utoto wake huweza kuwa uvimbe, na kwa hivyo kila kundi halina budi kuchujwa kwa ukali. Tena sasa ipo njia ya kuikata na kuisahihisha jeni ndani ya seli, iliyowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya mwaka 2020. Kwayo seli za mgonjwa mwenyewe zinaweza kutengenezwa na kurudishiwa mwenyewe, na suala la kukataliwa na mwili likapungua.

Yupo atakayeuliza kwa nini tusumbuke na seli ikiwa dawa ya jeni imekwisha kupatikana, maana mwezi wa Juni mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa inayobebwa na virusi kwa watoto wa miaka minne na mitano. Jawabu ni kwamba jeni huhitaji msuli wa kuingia. Kijana wa miaka kumi na minane, ambaye mapaja yake yamekuwa mafuta na kovu, hana nyuzi za kutosha za kupokea jeni yoyote. Kwake yeye dawa inayojenga nyuzi mpya ndiyo pekee iwezayo kumrudishia kitu, na haifai asahauliwe kwa sababu wadogo zake wamepata mlango wao.

Neno kwa wazazi

Hadi leo kupandikiza seli hakujaponya mtoto yeyote mwenye Duchenne. Yanayorefusha maisha ya wavulana hawa ni mambo yasiyo na kelele: dawa kama prednisoni zinazochelewesha kudhoofika, kuchunguza moyo mapema kabla haujalalamika, mashine ya kusaidia pumzi usiku, na kunyoosha viungo kila siku. Kwa mambo hayo wengi sasa hufikia miaka ishirini na zaidi, hata thelathini, ilhali zamani walizikwa kabla ya hapo. Mzazi ambaye hajayapata haya asiuze kiwanja kwa ajili ya jambo jingine.

Nasema hivyo kwa sababu neno "seli shina" limekuwa bidhaa, na wapo wanaotangaza, katika nchi nyingi na kwa lugha nyingi, kwamba wanatibu kwa hilo kila kilichowashinda wengine. Historia niliyoieleza inampa mzazi maswali matatu ya kumuuliza yeyote anayemwita na mfuko wa fedha. Seli hizi ni za aina gani, na zimetoka kwa nani? Zikiisha kudungwa, mmejuaje kwamba zingali hai baada ya siku tatu, na ni katika msuli upi mlipozikuta? Na mgonjwa mliyemtibu mlimlinganisha na nani ambaye hakutibiwa? Watu wa Columbus, Québec, Milano na Paris waliyajibu maswali hayo hadharani, hata pale jawabu lilipowaaibisha, na ni kwa majibu hayo tiba imesonga. Atakayewajibu kwa hesabu, msikilizeni. Atakayewajibu kwa picha za watoto wanaotabasamu, mwacheni na biashara yake.